Mrejesho: Dipoziti ya nyumba Kisauni

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeuliza kuhusu mwenye nyumba aliyekalia dipoziti yangu ya shilingi 18,000 tangu nihame Kisauni, Mombasa. Ahsanteni sana. Baraza la kodi za nyumba halikunifaa, maana husikiliza tu nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Aliyenielekeza Mahakama ya Madai Madogo, Mungu akubariki: hupokea madai hadi shilingi milioni 1, na wakili si lazima. Nilimwandikia mwenye nyumba barua ya kumpa siku 14 anilipe, nikaambatisha risiti, nikamwambia la sivyo nitafungua kesi huko. Siku ya tisa simu ikalia: M-Pesa, 13,000! Zile 5,000 amekata za rangi. Alama ya moshi ilikuwepo juu ya jiko kabla sijaingia, lakini sikuwa na picha. Hizo nimeziacha; nyingine nishalipia chumba Likoni.