Mliotoka Dar kwenda Safari Rally Naivasha, magari mlipaki wapi? Tupeane uzoefu

Mleta uzi, Tabata

Wakuu, habari za mchana. Tupo wanne hapa mtaani, tumejichanga ili mwakani twende Naivasha, Kenya, kwenye mbio za magari za Safari Rally, kwa Noah ya shemeji yangu. Marehemu mzee wangu alikuwa akitusimulia mbio hizi zilivyokuwa zikifika hadi huku kwetu, maana zilipoanza mwaka 1953 zilikuwa za Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Mimi nimezijulia kwenye simu tu, tangu ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, dereva Mfaransa Ogier akachukua.

Nani atashinda sina presha naye. Presha yangu ni Noah. Naipaki wapi, nani anaiangalia, na jioni watu wote wakiamua kuondoka kwa pamoja natokaje? Mliokwenda leteni visa, vizuri na vibaya. Nimeshapaki Chang'ombe siku ya dabi, kwa hiyo msinitishe na foleni ndogondogo.

Mdau wa Mbezi Beach

Hapo kwenye foleni ndogondogo ndipo ulipojiponza, mkuu. Uwanja wa Mkapa unajaza watu elfu sitini, sawa, lakini una Mandela, una Kilwa Road, una vichochoro vya Temeke vya kukutoa popote. Kule upande wa kusini mwa Ziwa Naivasha mnategemea barabara moja, Moi South Lake Road. Mashamba ya maua humohumo, hoteli humohumo, njia ya kuingilia hifadhi ya Hell's Gate humohumo. Mwaka 2022 niliingia kwenye foleni yake saa kumi alfajiri, giza totoro, jua likachomoza niko nyuma ya matatu ileile. Stika zake zote nilizikariri.

Somo nililolipia ni hili. Ukifika usianze kuuliza pa kupaki, uliza kwanza barabara inafungwa saa ngapi. Kipande cha mbio kinafungwa mapema sana kabla gari la kwanza halijapita, na vipande vingi vinakimbiwa mara mbili, asubuhi na mchana. Ukishaingiza gari upande wa ndani, umejifungia. Unasubiri raundi zote mbili, halafu unasubiri magari ya wasimamizi yapite nyuma kuhakikisha hakuna aliyebaki. Jumapili ile pale Hell's Gate nilitaka kuchomoka saa tano asubuhi, nikalale Arusha. Msimamizi akanitazama kwa huruma kama mgonjwa: "Tulia mzee, utatoka na wenzako." Nikatoka na wenzangu, saa kumi na mbili jioni.

Na gari ni la shemeji? Akuandikie barua ya ruhusa, na ubebe kadi halisi ya gari, siyo kopi. Bima ya COMESA, ile kadi ya njano, kata ukiwa huku. Mpakani Namanga mnamaliza karatasi za nchi zote mbili upande mnaoingia, ila bado kuna kibali cha muda cha gari, na wikiendi ya rally hamtakuwa peke yenu dirishani.

Dada wa Kigamboni

Mimi niseme jambo ambalo wanaume hamtalipenda. Acheni Noah nyumbani.

Tulikwenda wanawake watatu, 2023, kwa basi kutoka Stendi ya Magufuli hadi Nairobi, kisha matatu. Hatukulala Naivasha, vyumba vilishapanda bei hadi aibu. Tulilala Gilgil, mji mdogo baada ya Naivasha ukielekea Nakuru. Jumamosi mbio zikawa upande wa Soysambu na Elmenteita, yaani zimetufuata sisi. Wenye magari yao waliolala Naivasha walitukuta tumeshakunywa chai, tumeshachagua kilima, tumetandika kanga tumekaa.

Bodaboda ndiyo ilikuwa miguu yetu. Ila mpatane bei ya kwenda NA kurudi, na hela ya kurudi msiitoe. Siku ya kwanza tulilipa yote mkononi kwa sababu kijana alikuwa na adabu na anatuita "madam". Jioni adabu ile hatukuiona tena, tukatembea hadi lami, vumbi limetugeuza mabibi wa nywele nyeupe. Halafu vaeni. Watu wa Dar mnadhani Kenya yote ni Mombasa. Naivasha iko juu, karibu mita 1,900, ile saa kumi ya alfajiri anayoisema kaka hapo meno yanagongana.

Mdau wa Sinza

Hili la kuacha gari naunga mkono. Mimi niliwahi kupoteza IST nyeupe pale nyuma ya uwanja wa Mkapa. Haikuibiwa, nilisahau tu nimeiacha wapi. Nilibonyeza rimoti mbele ya IST nyeupe kumi na moja kabla moja haijaitika. Naivasha ni hivyohivyo ila badala ya IST weka Subaru, na zote zina rangi ya vumbi.

Mdau wa Mbagala

Mleta uzi, mimi nilikwenda Pasaka ya 2024. Kumbuka miaka ya 2021 hadi 2023 mbio zilikuwa Juni, kiangazi, shida ni vumbi. 2024 wakazileta Machi 28 hadi 31, na 2025 Machi tena. Machi ni mvua. Kwa hiyo visa vya vumbi vya wenzangu visikilize, lakini sikiliza na changu.

Tulifika shambani mapema, kwenye nyasi. Kijana kavaa reflekta, kitabu cha risiti hana, anapunga mkono kwa kujiamini kabisa. "Boss, soo tano." Mwenzangu akadhani ni jina la sehemu, akamwuliza hiyo Sotano iko mbali? Kumbe shilingi mia tano yao, karibu elfu kumi yetu. Tukatoa. Akatupanga vizuri, bampa kwa bampa, sisi safu ya ndani kabisa, chini ya mteremko. Nyasi zimekauka, pazuri, tukamsifu.

Mvua ilipiga mchana kama nusu saa hivi. Udongo wa pale ni ule mweusi, mfinyanzi. Ukiwa mkavu unaupiga teke, ukilowa unakuwa kama ugali wa mtama uliokosa unga. Nilipoweka gia ya nyuma, gari halikurudi nyuma, lilikwenda pembeni, taratibu, kama linacheza rumba, likambusu jirani kwenye mlango. Jirani mwenyewe alikuwa ndani anakula yai la kuchemsha. Alitazama mlango, akanitazama, akaendelea kula. Akasema tu, "Na mimi hapa sitoki."

Ndipo trekta likaja. Wakuu, lile trekta halikuwa mbali saa zote hizo, lilikuwa nyuma ya miti, linasubiri mvua kama chura. Kumvuta mtu mmoja shilingi elfu tatu ya kwao. Kijana wa reflekta sasa kakaa juu ya trekta, pembeni ya dereva, ndiye anayekusanya hela! Tukaanza kupatana. Asiye na kamba anaongezewa bei ya kamba. Mimi nilikuwa na kamba ya katani niliyonunua Kariakoo kwa ajili ya kufungia mizigo juu ya keria, basi nikaiazimisha kwa magari manne ya mbele yangu, na kila aliyevutwa akanifungulia njia. Mwisho nilivutwa kwa elfu moja mia tano, kwa heshima ya kamba.

Kwa hiyo: tanguliza pua ya gari kwenye njia ya kutokea, kaa sehemu ya juu ya mteremko, na akikupanga ndani kata kauli, bora upaki kilomita mbili nyuma karibu na lami utembee.

Mdau wa Mbezi Beach

Kilomita mbili kwa miguu na mtoto mgongoni? Mimi hapo sikubaliani. Bora kulipia sehemu rasmi mapema, unapata hata choo.

Mdau wa Mbagala

Mleta uzi amesema wapo wanne waliojichanga, mtoto katoka wapi? Na hiyo sehemu rasmi mvua hainyeshi?

Mleta uzi, Tabata

Asanteni sana wakuu, na wewe dada wa Kigamboni. Nimekaa na wenzangu jioni hii. Wawili wamehamia upande wa basi na kulala Gilgil. Mimi na shemeji bado tuna kichwa kigumu, tunaona Noah tuiache Nairobi pahala palipofungwa geti, halafu Naivasha twende kwa matatu, ni kilomita tisini tu. Shemeji anauliza kama hiyo ndiyo safari ya gari au ya kupeleka gari likatembee Nairobi. Sijamjibu.

Mdau wa Mbagala, kamba ile bado ipo? Maana najua mwishoni tutaishia shambani.

Mdau wa Mbagala

Ipo stoo, na tope lake la Naivasha bado halijatoka. Njoo uichukue Jumapili baada ya saa nane. Ila uje na bajaji, kwetu hapa pa kupaki hakuna.