Mjadala: Manusura wa biashara ya ngono Pwani ya Kenya walipwe posho wakijifunza kazi, au tutakuwa tunawapunja wengine?

FUNDI CHEREHANI (mtoa mada)

Habari za jioni, ndugu zangu. Naleta mada hii nikijua nitarushiwa mawe, lakini miaka sita ya kufundisha ushonaji imenijaza maneno.

Nilikuwa mwalimu kwenye mradi mmoja hapa Pwani, jina naliacha. Wanafunzi wangu walikuwa wasichana waliotolewa kwenye mabaa na kwenye nyumba za kukodisha za ufuoni. Wengine walikuja mjini kwa shangazi aliyewaita kutoka bara "waje kulea mtoto", wakakuta hakuna mtoto. Mafunzo yalikuwa ya miezi mitatu. Siku ya mwisho mgeni rasmi anafika, kila mmoja anapewa cherehani na cheti, picha zinapigwa, pilau inaliwa. Darasa langu la mwisho lilianza na wasichana kumi na wanane. Walioonekana kwenye picha ni tisa. Mwaka ulipopita nikawatafuta, nikakuta wawili tu bado wanashona, na mmoja wao babake ni fundi. Alikuja akijua kupiga pindo tangu zamani.

Kilichowatoa darasani ni kodi. Tarehe tano mwenye nyumba anagonga mlango na darasa halina hata senti. Kulikuwa na mmoja akitoka kwangu saa kumi, anampitia mtoto wake kwa jirani, na saa tatu usiku yuko kwenye barabara ile ile tuliyomtoa. Asubuhi anasinzia juu ya kitambaa. Nilimfokea mbele ya wenzake. Hilo bado linanikaa rohoni.

Hoja yangu ni hii. Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010, iliyoanza kutumika 2012, iliunda hazina ya kitaifa ya kuwasaidia waathiriwa. Basi hazina hiyo imlipe anayejifunza posho ya kila mwezi kwa mwaka mzima, mtoto wake apate wa kumlea, na kazi aichague mwenyewe. Kwani nani aliandika kwamba kila aliyenusurika lazima awe mshonaji au msusi? Gauni la mtumba soko la Kongowea, Mombasa, ni rahisi kuliko kitambaa na uzi wa kulishonea jipya. Tunawafundisha kazi ambayo soko lilishaikimbia, halafu tunasema hawana bidii.

Karibuni.

MAMA MAHAMRI

Mwalimu, nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe hata kidogo. Nina binti wa miaka 21. Alimaliza kidato cha nne, karo ya chuo ikakosekana, sasa anaamka nami saa kumi za usiku tukande mahamri. Hakuna aliyewahi kumlipa posho kwa kutokwenda baa. Ukiweka pesa mahali na kusema "hizi ni za waliopitia biashara ile", wasichana wa mtaani watapiga hesabu. Na wazazi wengine, Mungu anisamehe, watapiga hesabu kabla ya wasichana wao.

WAKILI MDOGO

Mama, naomba tutenganishe mambo mawili. Mtoto wa miaka 14 hakuwa "kwenye biashara". Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 mhalifu ni anayemnunua na anayempeleka, na utalii wa ngono na watoto una kifungu chake. Katika ile sheria ya ulanguzi, mlanguzi hawezi kujitetea kwamba mwathiriwa alikubali. Adhabu yake si chini ya miaka 30 jela, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Na dola iliyoandika adhabu hiyo ndiyo iliyojifunga kwa maandishi kumtafutia mwathiriwa makao, matibabu na ushauri nasaha. Mwaka 2014 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa, nayo ina hazina yake. Kwenye karatasi tuna hazina mbili!

Mwalimu, naongezea moja ambalo hukuligusa. Ninavyoona mimi kwenye kazi yangu, msaada unafuata kesi. Shahidi anawekwa kwenye makao kwa sababu mwendesha mashtaka anamhitaji. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, msichana amekaa ndani bila kujifunza chochote. Siku kesi ikifa, na msaada umekufa. Msaada ungetolewa hata kwa asiyetaka kusimama kizimbani, tungepata mashahidi wengi zaidi, maana angekuja akiwa ameshiba na ana pa kulala.

BAHARIA

Mimi naona tunamkamua ng'ombe asiye na maziwa. Hazina ya serikali italipwa na nani? Ule utafiti wa 2006 wa UNICEF na serikali ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa kwenye biashara ya ngono katika Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani. Kila kikao bado tunazitaja tarakimu zile zile, ilhali waliohesabiwa sasa ni mama watu wazima. Tena wengi husahau ukurasa wa wateja: tunapiga kelele za wazungu, lakini hakuna taifa lililotoa wateja wengi kuliko Kenya yenyewe. Basi tozo iwekwe kwenye mabaa na nyumba za kukodisha za ufuoni. Wanaokodisha vyumba wanajua nani anaingia na nani.

DADA WA USIKU

Nimesoma nikacheka, kisha nikakasirika. Mimi nina miaka 34, kazi hii naifanya mpaka leo na sikuletwa na shangazi. Msinitie kwenye kapu moja na mtoto wa miaka 14, na yeye msimtie kwenye langu. Tuliwahi kukamatwa, tukalala seli, asubuhi tukaletewa mtu wa kutufundisha sabuni ya maji. Hayo si mafunzo, ni adhabu yenye povu.

Lakini mkiniuliza kama ningependa kutoka, ningependa. Mwaka juzi nilikwenda kuulizia mkopo wa Hazina ya Uwezo. Wanataka kikundi kilichosajiliwa. Sasa mimi, mtaa mzima unanijua, ni kikundi gani cha akina mama kitaandika jina langu? Na wale wenzangu wadogo waliokuja mjini bila kitambulisho, hata laini ya simu wanasajiliwa na mwanamume. Mnawapa cherehani, akaunti ya kupokea malipo iko kwa huyo huyo wanayemkimbia. Anzeni na kitambulisho. Kwa chifu ni mwendo wa nusu saa, lakini kwa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa wala mzazi wa kumsindikiza ni safari ya mwaka.

MSWAHILI WA LYON

Niko Ufaransa, kwa hiyo nipokeeni kama mgeni. Huku sheria ya Aprili 2016 inamtoza faini mnunuzi, hadi euro 1,500 kwa kosa la kwanza. Anayetaka kutoka anaingia kwenye mpango wa miezi sita unaoweza kuongezwa hadi ufike miaka miwili. Mgeni anaweza kupewa kibali cha muda cha kuishi, na posho ilianza kwa euro 330 hivi kwa mwezi. Kwa hiyo, Mama Mahamri, posho si ndoto, ipo. Lakini 330 hapa Lyon hazikodi chumba. Na maombi yanapita kwenye kamati chini ya gavana wa eneo. Lazima uwe umeshaacha, ndipo usaidiwe kuacha! Mnaweza kuiga, ila sharti hilo liacheni huku huku.

KIJANA WA UFUONI

Mbona hamjataja wavulana? Mimi nilikuwa na miaka 15, na waliokuwa wakinichukua ufuoni ni wanawake na wanaume pia. Nilipokwenda kuomba msaada nikaambiwa mradi ni wa mtoto wa kike. Aliyeniokoa ni mjomba, fundi wa friji na eyakondishina, akanibeba kama utingo wake miaka miwili, akinilisha na kunilaza. Leo Diani mwezi wa Disemba napigiwa simu mpaka nazima. Mwalimu, mjomba alitoa hiyo posho yako bila kujua jina lake.

MAMA MAHAMRI

Pole sana mwanangu. Kweli hilo sikuwahi kuliwaza.

Basi nilegeze kidogo. Ilipwe kwa yeyote maskini aliyeingia chuo cha ufundi, binti yangu na hao wengine, bila kuulizana umetoka wapi. Posho ifuate darasa, isifuate historia ya mtu. Hapo nitatia sahihi.

FUNDI CHEREHANI

Mama, umenipunguzia nusu ya mzigo. Hilo la kutoulizana nalichukua, na la kitambulisho la Dada nalitanguliza mbele ya vyote. Ila darasa la mchanganyiko nililijaribu. Wiki ya pili kijana mmoja alimtambua msichana, akacheka, akawanong'oneza wenzake. Msichana hakurudi hata kuchukua mkasi wake. Kwa hiyo posho iwe moja kwa wote, sawa, lakini manusura apate pia nauli na nafasi ya kusomea mji mwingine akitaka, na mshauri wa kuonana naye mbali na chuo. Hiyo haimpunji binti yako kitu.

Baharia, tozo yako naiogopa. Wenye nyumba wataipandisha kwenye kodi za hao hao wasichana.

MAMA MAHAMRI

Na yule uliyemfokea yuko wapi sasa?

FUNDI CHEREHANI

Yupo. Anakaanga samaki karibu na stendi. Cherehani aliiuza wiki ile ile ya picha, akanunua karai, jiko na ndoo mbili. Nikipita huniwekea kipande cha nguru pembeni, na kila mara lazima tugombane ndipo apokee pesa.