Mgeni akisema "different" anamaanisha nini? Naomba ushauri

KaoleYetu: Habari za jioni wanajamvi. Natembeza wageni hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe hadi magofu ya Kaole. Naandika maelezo ya kuwapa, nataka kusema msikiti wa Kaole wa karne ya 13 ni tofauti kabisa na majengo ya misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868. Huyu ananiambia "different from", yule "different to", mwingine "different than". Nishike lipi? Halafu juzi mgeni kaonja pweza wa nazi akasema, "Mmm, it's different." Kasifu au kakataa kwa adabu? Mpishi ananiuliza mimi.

Ticha_Ngamiani: Mkuu, andika "different from", hakuna atakayekukosoa. "Different to" ni ya Waingereza, hasa wakizungumza. "Different than" ni ya Wamarekani zaidi, na inakaa vizuri pale kinachofuata kina kitenzi chake: "Bagamoyo is different than I expected." Mgeni akiisema hivyo usimsahihishe, kwao ni sawa.

MamaLishe_Tanga: Mdogo wangu, kuhusu pweza angalia sahani kuliko neno. Akisema "different" akanyamaza na kijiko kikatulia, mara nyingi hajapenda na hataki kuwavunja moyo. Akiongeza "in a good way", kapenda. Usimbane kwa "umependa?" mpishi akiwa hapo, atakudanganya kwa heshima. Muulize kama pilipili imezidi au aletewe samaki wa kukaanga. Mpishi mwambie ukweli, pweza wa nazi si wa kila mtu na hilo halimpunguzii kitu.

Bandarini: Naongezea. Kabla ya nomino ya wingi, mara nyingi ni "mbalimbali" tu: "people from different places" ni watu wa kutoka sehemu mbalimbali, wala si kwamba hawaelewani. Ila chunga sana "indifferent"! Si kinyume cha "different", ni mtu asiyejali. Ukiandika wenyeji "are indifferent" umetutukana mji mzima.

KaoleYetu: Shukrani sana, dada umenifungua macho kwa huyo mpishi. Sasa "tofauti kabisa" niandike "much different"?

Ticha_Ngamiani: Hapana, "very different from". "Much" iache kwa kukanusha: "not much different". Ukimaliza weka hapa tukupitie kabla hujachapisha.