Mfumuko wa bei unaotangazwa si wa mama lishe wa Sabasaba

Wakuu, tangu jana tumegawanyika makundi mawili. Wapo mnaosema takwimu za mfumuko wa bei zinapikwa, maana tunatangaziwa asilimia 3 na kitu huku unga umepanda. Wapo mnaowajibu kwamba wananchi hawajasoma uchumi, basi. Kundi la kwanza limekosea sababu, la pili limekosea adabu.

Nasimamia semina za uchumi jumla za mwaka wa kwanza hapa Dodoma, na kila muhula swali hili linarudi. Kwanza tuelewane: mfumuko ni kasi ya bei kupanda, kwa hiyo mfumuko kushuka si bei kushuka. Kitu kilichopanda kwa asilimia 9 mwaka jana na 3 mwaka huu kimepanda mara mbili, ya pili juu ya ya kwanza. Anayeuliza "mbona sukari haijarudi bei ya zamani?" si mjinga, hajaelezwa vizuri tu.

Sasa kapu, yaani orodha ya vitu ambavyo bei zake hupimwa ili kupata namba ya mfumuko. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa mjini, hupima bei za bidhaa na huduma, na kila kundi hupewa uzito kulingana na kaya zinavyotumia fedha. Katika kapu lenye msingi wa mwaka 2020, vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa kama 28 katika kila 100.

Niliwahi kukaa na mama lishe mmoja jirani na soko la Sabasaba, tukaandika matumizi ya nyumbani kwake ya wiki nzima juu ya kipande cha boksi: unga, maharage sado moja, mafungu ya mlenda, mafuta ya alizeti ya kupimiwa, mkaa, kodi ya chumba, nauli, madaftari ya mtoto. Tulipojumlisha, chakula peke yake kilimeza karibu shilingi 70 katika kila 100. Na mkaa hatukuuhesabu kama chakula, ingawa yeye alisisitiza tuuweke humo, kwa sababu unga mbichi hauliwi.

Turudi Januari 2023. Mfumuko wa jumla ulikuwa asilimia 4.9, wa vyakula 9.9. Zidisha 9.9 kwa 0.28 ya kapu la taifa: chakula kimechangia kama 2.8 katika ile 4.9. Zidisha kwa 0.7 ya mama yule: 6.9, hujagusa mkaa wala nauli. Hakuna aliyepika chochote. Kapu la namna hii kwa kawaida huelemea kwa wenye matumizi makubwa, kwa kuwa shilingi zao ndizo nyingi kwenye hesabu.

Kwa hiyo nataka kila mwezi, sambamba na namba ya taifa, itangazwe namba ya kaya za kipato cha chini. Ufilipino wanayo ya asilimia 30 ya kaya zenye kipato cha chini kabisa. India wanayo ya vibarua wa mashambani. Sisi tunao utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 wa kuanzia.

Dada mmoja aliandika humu kwamba namba mbili zitaichanganya Benki Kuu. Dada, sioni hivyo. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza sera kwa riba yake, iliyoanza na asilimia 5.5, ikilenga mfumuko wa kati ya 3 na 5. Iendelee kuangalia namba ya taifa. Riba haileti mvua kwa wakulima wa Bahi, hapa mkoani Dodoma, na bei ya chakula hufuata mvua. Namba ya pili ni ya kupangia kima cha chini cha mshahara, na ya kuamua lini mahindi ya hifadhi ya taifa yaingizwe sokoni.

Mnaopinga, leteni matumizi yenu ya wiki moja, chakula upande wake na mengine upande wake, tuone uzito wa kwenu unafika ngapi.