Naacha Word ya kuchakachua steshenari, nihamie wapi?

Mama Steshenari
Habari zenu. Nina steshenari ndogo Morogoro, kompyuta mbili na printa moja. Nachapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya kupanga nyumba, na vyuo vikikaribia kufunga ni tafiti za wanafunzi usiku na mchana. Miaka yote nilitumia Word ya kuchakachua niliyowekewa na fundi. Mwezi uliopita virusi vikaingia, flashi ya mteja ikawa shotikati tupu, yaani vialama vya njia ya mkato badala ya mafaili. Kijana wa watu, utafiti wake wote ulikuwa mle. Niliumia sana. Nimeifuta, sitaki tena.

Sasa nina LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia. Barua zinatoka safi. Ila utafiti wa kurasa 62 umekuwa 66, na orodha ya yaliyomo hailingani na kurasa. Nihamie nyingine?

Fundi Kihonda
Pole mama. Usihame, hiyo ni fonti, yaani aina ya mwandiko wa herufi. Weka kasa (kile kimstari cha kuandikia) kwenye aya, kisha tazama jina la fonti pale juu. Likiwa limeandikwa kwa italiki, yaani herufi za kulala, maana yake kompyuta yako haina fonti hiyo, imeazima nyingine. Word mpya zinaanza na fonti iitwayo Aptos tangu 2023, na kompyuta zetu za zamani hazina.

Na ile flashi msiifomati! Virusi vya shotikati mara nyingi huficha mafaili, havifuti. Mwite kijana arudi nayo.

Mzee wa Mlimani
Mimi nilianza na Jambo OpenOffice, ile OpenOffice (programu ya bure ya ofisi) ya Kiswahili iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2004. Kuona menyu nzima kwa lugha yangu, nilikaa nikaitazama tu. LibreOffice ilizaliwa humo humo kwenye OpenOffice, mwaka 2010, na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Iwashe, mikataba yako haitajaa mistari myekundu.

Kazi ambayo mteja ataendelea kuihariri, mhifadhie kwa docx, aina ya faili la Word. Ya kuchapa tu, aje na PDF.

Mama Steshenari
Asanteni sana. Ni Aptos kweli, italiki ile pale! Nimemwambia mwanafunzi aitoe PDF kwenye kompyuta yake mwenyewe: kurasa 62, nimechapa na kujalidi. Nimebandika karatasi mlangoni, "Utafiti uje kwa PDF".

Yule kijana wa flashi nimempigia, anakuja Jumamosi. Fundi, nielekeze nianzie wapi.

Fundi Kihonda
Usiguse shotikati hata moja. Chomeka flashi, fungua dirisha la amri (Command Prompt), na kufichua mafaili andika `attrib -h -r -s /s /d F:\*.*`. Hiyo F badilisha iwe herufi ya flashi yako.