Naomba ushauri: mwani unatufia, utafiti tunausikia tu

Asalaam alaykum ndugu zangu. Sisi ni kina mama 12 wa pwani ya mashariki ya Unguja, tunalima mwani. Zamani kotoni, ile aina yenye bei nzuri, ilistawi hapa hapa kwenye maji ya kina kifupi. Siku hizi maji yakipata joto inageuka nyeupe, inalainika, inakatika yenyewe kwenye tai-tai, zile kamba ndogo za kufungia mwani. Ukirudi bamvua lijalo, maji yanapokupwa sana, unakuta kamba tupu. Tumebaki na spinosamu, ile aina ya bei ndogo, unajaza gunia zima na pesa huioni.

Nimesoma kuwa Dkt. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alishirikiana na wakulima kujaribu nyavu za mfano wa bomba: mwani unatiwa ndani, unapelekwa kwenye maji ya kina kirefu ambako joto si kali. Utafiti wa namna hiyo ndio ninaoutaka, unaofika mpaka kwenye kamba ya mkulima. Maana kwetu walishakuja watu, wakapima joto la maji, wakabeba mwani wetu kwenye mifuko, na majibu hatujayaona hadi leo. Linaniuma sana.

Kuna kikundi humu kilichotumia nyavu hizo? Wengi wetu hatujui kuogelea, na boti hatuna. Nyinyi mlianzaje? Na watafiti wakija tena, tukubaliane nao nini kabla hawajaingia majini, ili matokeo yaturudie, tena kwa Kiswahili?