Tupeane uzoefu: filamu gani ilikufanya umfungulie mwenzio moyo?

Fundi Saa: Jana usiku wamerudia Titanic, nikakesha nayo mpaka mwisho. Wengi wanaililia ile ya baharini. Mimi inayonikaba ni ile ya shoka. Jack kafungwa pingu kwenye bomba, maji yanapanda, na Rose ndiyo kwanza anashika shoka. Anajaribia kwenye kabati. Pigo la pili linatua mbali kabisa na la kwanza. Jamaa bado anamwambia piga, nakuamini! Haya, nani filamu iliwahi kumfanya afunguke?

Sukari Guru: Simu tu simpi, sembuse shoka.

Chokoraa Msomi: Sisi tuliionea kibanda umiza, mkalimani kaitia chumvi: "Kata mama, mkono ukienda nitakuoa na uliobaki!" Miaka yote nikajua Jack kasema hivyo kweli.

Mama Wawili: Mimi ilinikuta na hiyohiyo Titanic, ila sehemu ya kito. Jack anatumbukiziwa kito mfukoni, anapekuliwa, kinatoka, Rose kabaki kamkodolea macho. Mume wangu kalala mapajani mwangu, mimi namenya karanga. Nikamuuliza kwa utani: ningekuwa mimi, ungeniamini? Kimya. Nikajua kasinzia. Baadaye Rose anamfuata kule chini, Jack anamuuliza umejuaje kama sikuiba, naye anasema hakuambiwa na mtu, alijikuta tu kumbe alikuwa anajua. Mara nasikia kanga imelowa. Mwanaume analia! Nikamcheka, nikadhani filamu imemwingia. Akaketi, akazima sauti ya TV, akasema: "Mama Aisha, nina mtoto Korogwe." Analingana na wetu wa pili. Sikupiga kelele, bakuli bado liko mkononi. Nikauliza anaitwa nani. Akataja jina la mama mkwe wangu. Jamani, jina hilo mimi nilitaka kumpa huyu wa kwetu, akakataa, eti ni la kizamani! Meli ilizama hakuna aliyekuwa akiiangalia.

Binti Kibada: Weee! Halafu?

Kaka wa Nyali: Amekustahi huyo, dadangu, kukwambia mwenyewe. Wengine twajua siku ya matanga, mwaona watoto msiowajua wamekaa safu ya mbele.

Sukari Guru: Kustahi gani? Angemstahi kabla hajaenda Korogwe. Dada, fungasha.

Kaka wa Nyali: Aende wapi na watoto? Akae, ila hati ya nyumba iandikwe jina lake.

Binti Kibada: Msamehe, ila usimwambie kama umemsamehe. Kwanza aoshe vyombo.

Mhandisi Butu: Turudi kwenye mada. Ule mlango aliopandia Rose baharini meli ilipozama walitosha wawili, Rose alikuwa mchoyo.

Fundi Saa: Kutosha si kuelea. Jack alijaribu kupanda, ukapinduka. Angalia tena.

Mhandisi Butu: Cameron mwenyewe, aliyeiongoza hiyo filamu, kwenye kipindi cha TV cha 2023 alionyesha majaribio na watu kwenye maji ya baridi, akakiri kuna namna Jack angeweza kupona.

Fundi Saa: Alisema HUENDA. Usimlishe maneno.

Sukari Guru: Mtu ana mtoto wa Korogwe, nyie mnapima mbao!

Pilau ya Jana: Mimi ni mtu wa filamu za Kihindi. Kuch Kuch Hota Hai ndiyo ilinifundisha adabu: Anjali kajipanga kumwambia Rahul ya moyoni, kumbe Rahul ana Tina wake. Tangu hapo nikipenda nasema siku ileile. Nimekataliwa sana, ila nalala usingizi.

Chokoraa Msomi: Ukiwahi kusema wanakuita njaa. Ukichelewa unaalikwa kwenye kamati ya harusi.

Mama Wawili: Mnaouliza PM kama nimesamehe: mtoto anakuja likizo ya Desemba, godoro nimeshanunua. Baba yake ndiyo sijaamua atalala wapi.

Sukari Guru: Godoro la inchi ngapi?